Wanaodharau Mlima wa Katoni

Wako watu wazima, wenye elimu na vyeo, ambao wakimkuta kijana wa miaka kumi na sita amepiga magoti sakafuni, mikono imejaa gundi, anabandika vipande vya katoni juu ya ubao ili afanye mlima, humcheka. Humwuliza kama hajui kuwa amekwisha kuota ndevu. Wengine hawaishii kucheka. Huufagia mlima pamoja na takataka nyingine, wakamwamrisha kijana akashike kitabu. Naandika maneno haya kushindana na watu hao. Sishindani nao kwa kudhani kuwa ni wabaya. Aghalabu ni wazazi wema walipao karo kwa jasho, na mtu alipaye karo kwa jasho ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Nashindana nao kwa sababu hawakijui kile wanachokifagia.

Na tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Kufanya mfano wa nchi ni kuchagua kipande cha ardhi na kukifanya upya nyumbani, kwa kipimo kitakachoenea meza: vilima vyake, mabonde yake, mito, njia, miti na nyumba. Huko Ulaya na Marekani uraibu huu una maduka yake na majarida yake. Wako watengenezao nchi ili wapitishe ndani yake gari moshi la kuchezea. Wako waitengenezao ili wapigane vita vya askari wadogo. Na wako waitengenezao kwa kuwa waipenda, basi. H. G. Wells, mwandishi Mwingereza ambaye jina lake halihitaji kutangazwa, alitoa mwaka 1911 kitabu kizima juu ya michezo ya sakafuni, na mwaka 1913 akatoa kingine juu ya vita vya askari wa kuchezea. Wakati huo alikuwa amekwisha kupita miaka 40, na sijasikia kwamba mtu alimfagilia vita vyake. Katika mji wa Beaconsfield, Uingereza, mhasibu mmojawapo aitwaye Roland Callingham alijenga kijiji kidogo cha mfano katika bustani yake. Kikafunguliwa kwa watu mwaka 1929, na hata leo watu hulipa kiingilio kukiona.

Wapinzani wangu watasema kwamba hao ni watu wenye nafasi, na mwenye nafasi apoteza muda atakavyo. Basi na tuwaache wenye raha, twende kwa wenye hofu. Mwaka 1668 Louvois, waziri wa vita wa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, aliagiza kwamba miji yenye ngome ifanyiwe mifano. Mafundi wakaitengeneza kwa mbao, karatasi, mchanga na hariri, kwa kipimo cha 1 kwa 600, kila nyumba mahali pake na kila kilima kwa kimo chake. Mfalme aliweza kusimama mbele ya mfano akaona mahali adui angeweza kupenyeza mizinga. Vitu hivyo vilitunzwa kama siri za dola. Si kila mtu aliruhusiwa kuvitazama. Mingi ya mifano ile ingaliko Paris, katika jumba la Invalides. Na katika mji wa Lucerne, Uswisi, kuna mfano wa milima ya kati ya nchi ile uliofanywa na Franz Ludwig Pfyffer, jenerali aliyestaafu. Aliianza kazi hiyo mwaka 1762 akaimaliza mwaka 1786. Jenerali huyo hakuwa na ramani nzuri ya kumwongoza, kwa hiyo alipanda milima mwenyewe na vyombo vya kupimia, akarudi chini, akaongeza kipande, akapanda tena. Miaka 24! Nani atathubutu kumwambia akashike kitabu?

Sasa hapo ndipo pingamizi la pili hujitokeza. Watu husema, "Mwalimu, mambo haya ni ya Wazungu, sisi si desturi yetu." Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na kila mara nimeona ikisemwa na mtu aliyevaa tai. Ni kweli kwamba majarida na maduka ya uraibu huu yalianza ughaibuni. Lakini mtoto wa mfugaji aliyefinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni, akawajengea boma kwa vijiti, akaweka majani mahali pa malisho na kijito mahali pa kunywesha, alikuwa akifanya nini? Alifanya nchi ndogo, na katika nchi hiyo alijifunza kazi ambayo angekabidhiwa siku chache baadaye. Baba yake hakumcheka. Alijua kwamba mtoto asiyeweza kuwapanga ng'ombe wa udongo hatakuwa mwepesi wa kuwapanga wenye pembe. Tulipompeleka mtoto huyo shuleni tulimnyang'anya udongo tukampa kalamu. Na kalamu ni njema, lakini hatukumwuliza kama mikono yake imekwisha kushiba.

Walakini nakubaliana na wanaolalamika juu ya ugeni kwa upande mmoja, tena nawapita. Siku hizi yapo masanduku ya kununua, yaliyojaa milima ya plastiki iliyokwisha kutengenezwa, misonobari midogo ya kuchomeka, na unga mweupe wa kunyunyiza uwe theluji. Kijana wa mjini huletewa sanduku hilo na mjomba aliyesafiri, akaunga vipande kwa dakika 40, akapata bonde la Ujerumani juu ya kabati. Kijana huyo simlaumu, zawadi haikataliwi. Lakini asije akaambiwa kwamba amefanya mfano wa nchi. Amefungua kifurushi. Mlima ule haujui jina lake wala yeye hajui jina la mlima, na akiulizwa upepo wavuma kutoka wapi au kwa nini nyumba zimejengwa upande huu wala si ule, hana la kujibu, kwa kuwa aliyeyaamua hayo yuko kiwandani.

Nchi ninayoitetea ni ile ambayo mtengenezaji ataweza kwenda kuikanyaga. Chukua mlima Longonot, ambao wasafiri wa barabara ya Naivasha huuona kila siku. Kilele chake kina kimo cha mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Naivasha, lililo karibu, liko kiasi cha mita 1,890. Tofauti ni mita 886. Vijana wengi wameupanda mlima huu pamoja na shule zao, na hapana hata mmoja aliyesahau jinsi magoti yalivyomtetemeka alipofika ukingoni mwa kreta. Haya, sasa ufanye mlima huo kwa kipimo cha 1 kwa 50,000, kipimo cha zile ramani za nchi yetu zitumiwazo darasani. Mita 886 zinakuwa milimita 18 hivi. Mlima uliokutoa jasho asubuhi nzima hauzidi upana wa kidole gumba! Na njia izungukayo ukingo wa kreta, ambayo ni kiasi cha kilomita 7, yawa uzi wa sentimita 14.

Nimewaona wanafunzi wa chuo, watu wazima wanaojiandaa kuwa walimu, wakilipata jambo hili kwa mara ya kwanza na kukataa kuliamini. Walipiga hesabu tena. Walidhani wamekosea nukta. Walikuwa wakiijua maana ya kipimo cha ramani kwa moyo, wakiweza kuitamka bila kupepesa macho, lakini hawakuwahi kukutana nacho. Hakuna kitabu kilichowaonyesha kwamba dunia hii, pamoja na milima yake yote, ni tambarare namna ile. Kwamba sisi ndio wadogo.

Basi mtengenezaji hulazimika kufanya uamuzi. Akiacha mlima ulivyo kwa haki, hautaonekana; akiuinua, atakuwa amesema uongo. Wenye ujuzi huuinua, lakini huandika ubavuni mwa mfano kwamba umeinuliwa na kwa kiasi gani. Katoni ya kawaida ya dukani ina unene wa milimita 3 hivi. Ikiwa mistari ya kontua katika ramani yako imeachana kwa mita 20, fuata kila mstari wa tatu, ukate kipande kimoja cha katoni kwa kila mita 60. Kutoka usawa wa ziwa hadi kilele utapata tabaka zipatazo 15, yaani kimo cha sentimita 4 na nusu, na mlima utakuwa umeinuliwa mara mbili na nusu kuliko haki yake. Kijana aandikaye neno hilo ubavuni, "Kimo kimezidishwa mara mbili na nusu", amefanya jambo ambalo magazeti mengi hayalifanyi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Utainakili mistari ya ramani juu ya karatasi nyembamba, mmoja baada ya mmoja, na kila mstari utauhamishia kwenye katoni na kuukata kwa kisu kikali, ukisukuma kisu mbali na vidole. Kipande kikubwa huwa chini, na kila kinachofuata hupandishwa juu yake mahali pake hasa. Hapo ndipo macho hufunguka. Mwanafunzi ameambiwa darasani mara mia kwamba mistari ikikaribiana mteremko ni mkali, na ikiachana mteremko ni mpole. Amelikariri hilo kama aya. Lakini aonapo kwamba ukingo wa katoni hii umekaa karibu sana na ukingo wa ile, hata kidole hakipati mahali pa kukanyaga, anajua kwa ncha ya kidole kwa nini njia ya wapandaji haikupitia upande ule. Ameambiwa pia kwamba mstari wa kontua ukikutana na mto hupinda kuelekea mto utokako, na ukikutana na mgongo wa kilima hupinda kuelekea chini. Hapana jambo liwachanganyalo watahiniwa kuliko hili: bonde hulisoma kuwa mgongo, na mgongo kuwa bonde, na mto wakaupandisha kilimani. Aliyekata katoni hawezi kukosea hapo, kwa kuwa pengo la bonde alilikata yeye.

Tabaka zikishakauka, ngazi zake hujazwa kwa vipande vya gazeti vilivyolowekwa katika gundi ya unga. Ikauke vema, maana gundi ya unga isiyokauka huota ukungu, na mende huipenda. Halafu huja mapambo, na hapa ndipo wauzaji wa masanduku hushindwa kabisa. Majani ya chai yaliyokwisha kutumiwa, yakianikwa na kuchekechwa, huwa udongo mzuri kuliko wowote wa kununua. Unga wa mbao kutoka kwa seremala ukitiwa rangi huwa nyasi. Mgunga hufanywa kwa waya mwembamba uliosokotwa uwe shina, ukachanuliwa juu, kisha ukabandikwa sifongo iliyopasuliwa bapa, kwa maana mgunga ni mwavuli wala si mpira. Na leleshwa, kile kichaka kilichoenea katika nyanda zile za Naivasha, hakitaki kijani cha chupa. Kitie majivu ya jikoni kidogo hata kijani kikae kama kimepatwa na vumbi. Nani atakayekuambia hayo katika kijitabu cha sanduku lililotoka ng'ambo? Itakubidi uende ukatazame. Na ukienda kutazama utaona mengine ambayo hukuyatafuta: kwamba udongo wa Longonot ni jivu la volkano, jepesi, na mvua imeuchimba makorongo marefu ubavuni, kwamba ndani ya kreta mna msitu ilhali nje ni vichaka. Utarudi nyumbani na maswali.

Nimefika mahali ambapo sitaki kuongea kwa mzaha. Ukichukua ubao wa sentimita 60 kwa 45, kwa kipimo kile kile cha 1 kwa 50,000, Longonot utakaa upande mmoja, na upande wa pili, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, utakaa mji wa Mai Mahiu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, katika mvua kubwa za mwaka ule, maji na matope na mawe yalishuka kutoka juu, upande wa Kijabe, yakapita katika kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa wamelala. Makumi ya watu walikufa. Kwanza ilisemekana kwamba bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, pale kalvati lilipoziba kwa magogo na uchafu, mpaka tuta likashindwa kuyazuia.

Sidai hata kidogo kwamba mlima wa katoni ungaliwaokoa watu wale. Kusema hivyo kungekuwa ni kuwadhihaki marehemu. Tena mtengenezaji mwaminifu atakiri kwamba tuta la mita 10, kwa kipimo kile, lina kimo cha sehemu mbili za kumi za milimita moja. Karatasi mbili zimelipita. Katika mfano halionekani. Lakini lazima reli iwekwe, nayo huwekwa kwa uzi. Na kijana anyooshaye uzi ule kando ya ukuta wa Bonde la Ufa, akifika kwenye kila korongo, hukwama. Uzi haukubali kushuka na kupanda. Wataka kwenda sawa. Kwa hiyo hulazimika kuupitisha juu ya korongo, na hapo, asipoambiwa na mwalimu yeyote, hujiuliza: maji ya korongo hili yatapita wapi? Nimemwona mwanafunzi akiuliza hivyo. Halikuwa swali la mtihani, wala sikumbuki mtihani wowote ulioliuliza. Ni swali ambalo diwani angepaswa kuliuliza, na mhandisi, na mnunuzi wa ploti, na mzee wa kijiji. Nalo hulizwa na wachache mno, kwa sababu wengi wetu tunaijua nchi kutoka dirishani mwa matatu.

Wala si Mai Mahiu peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, ardhi iliporomoka Chesongoch katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet, chini ya ukuta mwingine wa Bonde lile lile la Ufa, ikaua watu zaidi ya 20. Watu wetu wengi wamejenga miguuni mwa milima, na hawakujenga hapo kwa upumbavu. Wamejenga pale palipo na maji na shamba, au pale walipoweza kununua. Vijana wasomao kitabu hiki ndio watakaonunua ploti za miaka ijayo. Watapelekwa na madalali wakati wa kiangazi, waonyeshwe vigingi vinne na nyasi kavu, waambiwe kwamba mahali ni tambarare na pazuri. Mtu aliyewahi kukata mabonde kwa mkono wake atainua macho kwanza atazame kilicho juu ya ploti.

Hapo mpinzani wa kisasa huchomoa simu. Husema, "Mwalimu, kwa nini ujitese na gundi? Dunia nzima imo humu, imepigwa picha kutoka angani. Ukitaka mlima utauzungusha kwa kidole." Simu ni chombo bora, nami naitumia, anayetengeneza Longonot na aitazame kreta humo kabla ya kuchagua rangi. Lakini picha kutoka juu huibapisha nchi, na hata ile izungushwayo yazungushwa na mtu ambaye hakulazimika kuamua chochote. Aliyefanya uamuzi ni mashine, na ilifanya haraka. Kijana huutazama mlima kwa muda wa nusu dakika, akahamia wimbo. Katoni haikubali haraka ya namna hiyo. Tabaka la saba lisipokauka, la nane halipandi. Na katika kungoja huko ndiko mtu hukaa na bonde moja jioni nzima, akaona jinsi linavyogawanyika juu na kuungana chini. Mimi sijui njia nyingine ya kumfanya kijana wa leo alitazame bonde moja jioni nzima.

Pingamizi la mtihani nitalipitia upesi, kwa kuwa ni dhaifu kuliko linavyosikika. Mtihani wa jiografia wa KCSE kwa miaka mingi umewapa watahiniwa kipande cha ramani cha 1 kwa 50,000 wakisome. Na kila mwalimu wa somo hilo anajua ni wangapi hukimbia ukurasa ule wakaenda kutafuta maswali ya kukariri. Mzazi alinganishe jioni za katoni na ada za masomo ya ziada, kisha aamue mwenyewe.

Lakini nisiwasute wazazi pekee nikawasahau walimu wenzangu, maana hatari iliyo kubwa kuliko ufagio imetoka kwetu. Mtaala wa umilisi ulipoanza kuenea katika shule zetu mwaka 2019, tulifurahi kwamba mikono ya mtoto imekumbukwa. Kisha tukafanya kosa la zamani katika nguo mpya: tukautia mlima alama. Mtoto akaagizwa jioni alete mfano wa volkano kesho yake asubuhi. Nini hutokea nyumbani? Mtoto hulala saa tatu, mama hukesha na gundi. Au baba, akiwa na shilingi mia chache, hupita kwa fundi akanunua volkano iliyokwisha kupakwa rangi. Asubuhi ishirini na tano za namna moja hupangwa dirishani, zote nyekundu juu na kijani chini, na mwalimu huandika kwamba mtoto amezidi matarajio. Amezidi matarajio ya nani? Aliyefanya kazi ni fundi, naye hakupewa hata cheti. Mama aliyekesha ana haki ya kukasirika. Na akimwona mwanawe mkubwa siku nyingine amejishughulisha na katoni kwa hiari yake, asishangaze mtu akiichukia katoni yenyewe. Tumemfundisha kuichukia.

Kwa hiyo nasema wazi, na wakuu wa elimu wakitaka kunipinga na wanipinge: mfano wa nchi wa kazi ya jioni moja, wa kupewa alama, ni afadhali usifanywe kabisa. Huu ni uraibu, na uraibu huishi penye uhuru. Mwalimu ana kazi yake, nayo ni kubwa: atundike ramani ya mahali pa karibu mahali vijana watakapoiona, aonyeshe namna ya kunakili mstari, aruhusu kona ya darasa itumike baada ya masomo, kisha aondoe mkono wake na kalamu yake nyekundu. Watakaokuja watakuwa wachache. Wanne, au watano, katika shule ya watu mia sita. Wasihesabiwe. Timu ya mpira nayo ni watu kumi na mmoja, na hatujasikia mtu akisema uwanja ulimwe mahindi kwa sababu wengine hawachezi.

Imebaki hoja ya mahali, ambayo kwa kweli ndiyo hoja ya pekee inayonipa taabu. Familia nyingi huishi katika chumba kimoja au viwili. Meza ni moja, na juu ya meza hiyo hupikwa, huliwa, hupigwa pasi na kusomwa. Mama asemaye kwamba hana mahali pa kuweka mlima hasemi uongo, na mwanawe asimjibu kwa jeuri. Na amwambie, "Mama, nitafanya kazi juu ya ubao, na ubao utalala chini ya kitanda." Mfano wa sentimita 60 kwa 45, wenye kimo kisichofika kiganja cha mkono, huingia chini ya kitanda chochote, mradi ufunikwe kwa gazeti usiingie vumbi. Sakafu na ifagiwe kila jioni na yule aliyeichafua. Vipande vya katoni viwekwe ndani ya mfuko mmoja, na kisu kiwe juu mbali na wadogo. Gharama ni wembe au kisu, gundi ya unga inayopikwa jikoni kwa dakika chache, na rangi za maji za kisanduku kimoja, ambazo zatosha milima miwili. Katoni zenyewe mwenye duka huzitupa nyuma ya duka lake jioni. Aombwe kwa adabu kabla mvua haijazilowesha.